Mtamba, gredi C na kozi ya fizio: jibu kwa mama wa Njoro

Mama, nianze kwa kuwaeleza wasomaji wengine ulichoniuliza. Binti yako alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akapata C. Chuo kimoja cha binafsi kimemwita akasomee diploma ya fiziotherapia, miaka mitatu, na kinataka karo ya muhula wa kwanza kabla ya mwezi kwisha. Unaye mtamba mmoja unayefikiria kumwuza. Shemeji yako amekuzuia: anasema fizio wamejaa, na kwamba kijana wa jirani aliyehitimu miaka mitatu iliyopita sasa anabeba abiria kwa bodaboda hapo Njoro mjini. Mwalimu mmoja wa kwenu naye anasema dawa ni Baraza la Fiziotherapia, linalosajili fizio na kuidhinisha vyuo, kupandisha gredi ya kuingilia kutoka C hadi C+, wanafunzi wapungue, kazi zipatikane. Unataka kujua umsikize nani, na kama umwuze mtamba au la.

Shemeji yako ameona jambo la kweli ila amelisoma vibaya. Mwalimu amekosea, na kosa lake nitakaa nalo kwa muda kwa sababu nalisikia kila mara matokeo yanapotangazwa, hata kutoka kwa wenzangu wa kazi. Mtamba usimwuze wiki hii.

Mimi ni fizio hapa Kisumu, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimekuwa nikipokea wanafunzi wanaoletwa na vyuo kujifunza kazi wodini. Nimewaona wakiingia, nimewaona wakitoka, na wengine nimewaona wakirudi na bahasha ya kaki kuomba kazi.

Tuanze na hilo la kujaa. Jumatatu iliyopita aliletwa kwangu kijana wa bodaboda kutoka Kondele. Paja lilivunjika, akatiwa chuma, akaruhusiwa na magongo mawili na karatasi ya kumwita kliniki ya fizio. Alikwenda kuuguzwa na mamake mashambani, na hospitali ndogo iliyo karibu na kwao haikuwa na fizio hata mmoja. Nauli ya kurudi mjini kila wiki hakuwa nayo. Miezi minne baadaye nilipoweka kipimapembe kwenye goti lake, lilikunja digrii 35. Goti la kukaa vizuri kitini linataka kama digrii 90, na la kuchuchumaa chooni zaidi ya 120. Mfupa umeunga sawasawa, daktari wa upasuaji alifanya kazi yake. Lakini kijana hawezi kupanda pikipiki, na ana watoto wawili.

Goti hilo lingeokolewa na mtu mmoja mwenye diploma, kitanda kimoja cha mazoezi na dakika thelathini mara tatu kwa wiki. Mtu huyo yupo. Inawezekana kabisa ni yule kijana wa jirani yako, na siku ile alikuwa barabarani akibeba abiria.

Kwa hivyo mtu akisema fizio wamejaa, mimi humwuliza: wamejaa wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 ulimwenguni wana hali ambayo tiba ya kurejesha uwezo wa mwili ingewasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa tiba hiyo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kaunti yako ya Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202 katika sensa ya 2019. Hesabu mwenyewe ajali za barabara kuu ya Nairobi hadi Nakuru, wazee wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo wanaofichwa nyumbani, wakulima ambao migongo imekataa. Kazi ipo ya kumaliza kila fizio aliyewahi kuhitimu nchini.

Kinachokosekana ni nafasi ya kulipwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, karibu hospitali zote za umma unazozijua ziko chini ya kaunti. Anayeajiri ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na mshahara unatoka hazina ya kaunti. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshavuka hapo. Mkuu wa idara akiandika kwamba anahitaji fizio wanne, barua inarudi na jibu lilelile la kila mwaka: hakuna bajeti. Na bajeti ikipatikana kidogo, watu wa kwanza kufikiriwa ni daktari, muuguzi na mtu wa maabara. Nawaelewa. Mgonjwa aliyekosa fizio hafi usiku huo. Anapoteza mkono wake au mguu wake polepole, nyumbani, mahali ambapo hakuna anayejaza fomu. Hata waliochukuliwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikaa miaka wakidai ajira ya kudumu, hadi mwaka 2025 wakapiga kambi nje ya makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi.

Hapo ndipo mwalimu wako anapopotea. Anafikiri kazi ni chache kwa sababu wahitimu ni wengi. Kazi ni chache kwa sababu mlipaji hajafungua mfuko, na gredi ya binti yako haifungui mfuko wa mtu.

Wengine wamelipitia hili kabla yetu. Kule Uingereza kupata nafasi ya kusomea fiziotherapia ni kugombea kweli, na wanaoingia ni wenye alama za juu. Lakini mwaka 2006 wahitimu wao wengi walimaliza wakakosa kazi za kuanzia, kwa sababu hospitali za umma zilikuwa na madeni na zikafunga zile nafasi za vijana. Wamarekani nao wamepandisha kiwango kuliko mtu yeyote: tangu mwaka 2002 digrii ya kwanza haikutosha tena, na kufikia mwisho wa 2015 kila chuo kilitakiwa kiwe kinatoa udaktari wa fiziotherapia, ambao kwa jumla ni kama miaka saba ya chuo. Je, vyuo vilipungua? Viliongezeka, leo ni zaidi ya 250, na vijana wanamaliza wakiwa na madeni mazito. Kazi zilipowakauka mwaka 1999, chanzo kilikuwa sheria ya bajeti ya 1997 iliyowekea bima ya wazee kikomo cha dola 1,500 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kikomo kikaja, ajira zikakatwa. Hakuna aliyeuliza mhitimu alipata alama gani sekondari.

Turudi nyumbani. Mwaka 2024 watahiniwa 246,391 wa KCSE walipata C+ na zaidi. Baraza likiweka mlango wa diploma kwenye C+ kesho asubuhi, bado robo milioni ya watoto wa mwaka mmoja tu wataruhusiwa kupita, na chuo chenye madarasa ya kujaza kitayajaza. Watakaobaki nje ni watoto kama wako, na wale wa shule za kutwa za Nyakach na Budalang'i ambao mwalimu wa fizikia walimpata kidato cha tatu. Na hao, nakuambia kwa niliyoyaona, ndio wanaokubali kazi katika hospitali ndogo za mbali, kwa sababu ni kwao. Tena mtihani wenyewe wa KCSE utafanywa mara ya mwisho mwaka 2027, kwa hivyo huu mzozo wa C na C+ una miaka michache tu ya kuishi.

Sisemi gredi haina maana. Lazima pawe na sakafu. Fizio anafanya kazi na nyenzo, zile za fizikia za kuinulia uzito, kutwa nzima, mwili wa mtu ni mashine ya nyenzo, na mwanafunzi ambaye fizikia na biolojia zilimshinda kabisa atateseka na kuwatesa wengine. Hiyo C isishushwe. Chuo kikikuambia hata D+ anaingia, atajazia mbele kwa mbele, ondoka hapo haraka, maana mwisho wa safari Baraza litakataa kumsajili na karo hairudishwi. Nimewahi kumpokea ofisini baba mmoja aliyefika na vyeti vya mwanawe kwenye bahasha ya plastiki, miaka mitatu imelipwa yote, na chuo hakikuwa na idhini ya kufundisha kozi ile. Sikuwa na la kumwambia. Alikunywa chai akaondoka.

Sasa nikueleze ninachoogopa mimi, ambacho hakina uhusiano na gredi.

Miaka michache iliyopita nililetewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Msichana mwenye bidii, B+ ya KCSE, anafika kabla ya saa moja na nusu. Nilimwuliza misuli minne inayoshika kichwa cha mfupa wa bega, akaitaja yote bila kukwama. Mgonjwa wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Ahero ambaye kiharusi kilimshika upande wa kushoto wiki mbili kabla. Nikamwambia mwanafunzi, haya, mtoe mama kitandani umkalishe kwenye kiti. Akasimama mbele yake, akashika ule mkono wa kushoto kwenye kiwiko cha mkono, akavuta.

Niliruka kumzuia, lakini mama alikuwa ameshapiga ukelele wodi nzima ikageuka.

Baada ya kiharusi ile misuli minne hulegea kama kamba iliyolowa. Ukivuta mkono, kichwa cha mfupa kinashuka kutoka kwenye kikombe chake. Maumivu yakianza, mgonjwa hakubali tena mkono uguswe, na mkono usioguswa haurudi. Mgonjwa wa namna hiyo unamshika nyuma, kwenye kombe la bega au kiunoni. Goti lako unaliweka mbele ya goti lake dhaifu lisije likakunjika. Unamwambia ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu, na hapo makalio yanainuka yenyewe, mtu mzima wa kilo tisini, bila wewe kutoa jasho. Ni jambo la dakika moja kuonyeshwa. Ila mikono haiwezi kulijua hadi imelifanya mara nyingi, mtu anayejua akiwa kando.

Nikafungua kitabu chake cha kazi. Kilionyesha amewahamisha wagonjwa wa kiharusi mara kumi na mbili, kila mara na sahihi ya msimamizi. Tulipobaki wawili nikamwuliza kwa upole. Akalia. Chuo chao, sitakitaja, kilikuwa kikipeleka wanafunzi arobaini hospitalini na msimamizi mmoja. Wanazunguka kitanda, wa mbele wanaona, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Ijumaa vitabu vinakusanywa na kutiwa sahihi vyote kwa mpigo. Katika miaka mitatu alikuwa hajawahi kumwinua mgonjwa wa kiharusi hata mmoja kwa mikono yake. B+ yake ilikuwa halali. Yeye ndiye aliyeibiwa, na wa pili kuibiwa alikuwa yule mama wa Ahero.

Hilo ndilo tatizo la wingi, Mama. Kampasi na vyuo vya afya vimechipuka kila upande, kila mwanasiasa anataka kimoja eneo lake, lakini hospitali zinazoweza kufundisha ni zilezile. Ni Jaramogi hapa Kisumu, hospitali ya rufaa hapo Nakuru, Moi kule Eldoret, Kakamega, na nyingine chache. Vitanda havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Fizio wa kuwasimamia hawakuajiriwa, kwa sababu ya ileile asilimia 35. Kwa hiyo kaunti isipoajiri, hasara inapiga mara mbili: mhitimu wa leo anakosa kazi, na mwanafunzi wa leo anakosa mwalimu wodini.

Ningekuwa na sauti Baraza, na hapa nazungumza na wenzangu wanaosoma hili, ningeiacha gredi ilipo na kuhesabu kitu kingine kabisa. Kila chuo kiruhusiwe idadi ya wanafunzi kulingana na wasimamizi waliopo hospitalini, watu wenye majina na leseni, wala si kulingana na viti vya darasani. Uingereza mwanafunzi hutakiwa kufikisha saa 1,000 za kazi ya kweli na wagonjwa kabla ya kuhitimu. Na kutoka Marekani ningechukua jambo moja: chombo kinachoidhinisha vyuo vyao kinataka, kwa wastani wa miaka miwili, angalau asilimia 85 ya wahitimu wawe wamefaulu mtihani wa leseni, na chuo kinalazimika kuyatangaza matokeo hayo hadharani. Mzazi anasoma kabla ya kulipa. Sheria yetu ya fiziotherapia ya mwaka 2014 ililipatia Baraza uwezo wa kuidhinisha vyuo na kuweka viwango. Uwezo upo. Utumike kwenye mlango wa kutokea.

Nirudi kwa binti yako sasa. Nenda chuoni wewe mwenyewe, usipige simu. Uliza kwanza kama kozi hiyo, katika kampasi hiyo hiyo, imeidhinishwa na Baraza la Fiziotherapia, kisha usiridhike na karatasi iliyobandikwa ukutani. Thibitisha na Baraza lenyewe. Chuo kinaweza kuwa na idhini mahali pamoja na kisiwe nayo pengine. Halafu uliza wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, kuanzia mwaka wa ngapi, na msimamizi mmoja anashika wanafunzi wangapi. Mimi wakinipa sita naweza kuwafundisha. Kumi ni shida. Wakikuambia hawajui idadi, basi umejibiwa. Mwisho omba kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa tatu bila mwalimu kuwapo, umwulize amewainua wagonjwa wangapi wa kiharusi. Ataelewa kwa nini unauliza.

Wakikosea katika la kwanza au la pili, mtamba abaki zizini. Aombe chuo cha umma kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, dirisha likifunguliwa. Kungoja mwaka mmoja si hasara kubwa kama kulipa mitatu bure.

Wakijibu vizuri na binti anaitaka kazi hii kwa moyo wake, mimi ningemwuza mtamba. Lakini mwuze mkijua mnachonunua. Diploma ya miaka mitatu itamfanya fizio hapa nyumbani. Haitampeleka Uingereza wala Marekani peke yake. Kiwango kinachopendekezwa duniani ni masomo ya chuo kikuu ya miaka minne au zaidi, kwa hivyo akiwa na ndoto hiyo ajue baadaye atahitaji digrii. Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kuhitimu usitegemee barua ya kaunti. Atafanya lokamu, yaani kushika nafasi ya mtu kwa muda, wiki mbili hapa, mwezi kule. Atakwenda hospitali za misheni, shule za watoto wenye ulemavu, kliniki ndogo za watu binafsi, nyumba za wazee waliopatwa na kiharusi ambao watoto wao wako Nairobi na wako tayari kulipa. Niliowaona wakisimama haraka ni wale waliochagua jambo moja wakalijua sana, hasa watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa sababu mama akiona mwanawe ameshika shingo anawaambia wenzake kumi. Huko Iten na Eldoret kuna wanaoishi kwa misuli ya wanariadha.

Na kijana wa jirani, mwambie asiache leseni yake ikafa. Airudishe hai hata kama anaendesha pikipiki. Kuna hospitali ndogo zinazotafuta mtu wa siku mbili kwa wiki na hazitangazi magazetini. Aende mwenyewe na cheti chake, aulize kwa msimamizi wa hospitali.

Lakini kabla ya chuo, kabla ya yote, mpeleke binti idara ya fizio ya hospitali ya rufaa hapo Nakuru. Aombe ruhusa ya mkuu wa idara akae asubuhi moja tu, siku ya kliniki ya watoto ikiwezekana, avae viatu vya chini na asitoe simu. Jioni usimwulize kama amependa. Mwulize ameona nini. Akikujibu kwamba palikuwa na watu wengi na harufu ya dawa, mpe muda. Akianza kukusimulia juu ya mtoto mmoja, alivyowekwa kifudifudi juu ya mpira mkubwa, alivyolia, halafu alivyoinua kichwa, niandikie tena tuzungumze bei ya mtamba.